Fundi wa mtandao huunga nyaya na watu

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, simu yangu haipati nafasi ya kupumua. Jamaa, majirani na hata watu tuliokutana nao mara moja tu matangani hunipigia wakiniuliza swali lile lile: mtoto wangu anapenda kompyuta, je, asomee nini ili apate kazi kama yako? Huwajibu kwamba njia ipo, tena ni pana kuliko wanavyodhani. Kisha nami huwauliza swali langu: mtoto huyo akiharibu kitu pale nyumbani, huja kukuambia ama hukificha?

Wengi hucheka wakidhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha hata kidogo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na fundi wa mitambo ya mawasiliano. Nilianza kazi mwaka 1997, wakati simu za nchi hii zilipokuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuunga nyaya za shaba ndani ya mashimo yaliyo kando ya barabara. Wapita njia walikuwa wakisimama kumtazama mwanamke aliyevalia ovaroli akiibuka kutoka ardhini. Baadaye nilihamia kwenye makampuni ya kuuza huduma za intaneti. Majina ya makampuni hayo nayaacha, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu.

Watu wengi hudhani kwamba intaneti iko hewani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari yake hupitia chini ya ardhi na chini ya bahari. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwezi Juni 2009, ile ya SEACOM ikaanza kazi mwezi Julai mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ndani ya kebo hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga hupita humo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Lakini kila kilomita ya uzi huo ina mtu wake. Yuko aliyechimba mtaro, yuko aliyeunga uzi, na yuko aliye macho saa nane za usiku akitazama kama taa ya kijani imegeuka kuwa nyekundu. Watu hao wasiposikilizana, mwanga nao hukwama.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, lakini watatu kati yao ndio walionifunza haya ninayotaka kukusimulia leo.

Wa kwanza tulimwita Injinia, na jina hilo alilistahiki. Hadi leo sijaona mtu anayezijua rauta kama yeye. Ungemwamsha usiku wa manane ukamtajia hitilafu, naye angekuambia, macho yakiwa mazito kwa usingizi, ni mstari upi wa maagizo uliokosewa. Hata hivyo, ulimi wake ulikuwa upanga. Aliyekosea alifokewa mbele ya wenzake, akaitwa mjinga, na wakati mwingine akaambiwa arudi kwao akachunge mbuzi. Basi sote tulijifunza upesi somo moja tu kutoka kwake, nalo ni kunyamaza.

Siku moja ya mwisho wa mwezi, mwaka 2004, mtandao wa mteja wetu mmoja ulilala ghafla. Mteja huyo alikuwa chama cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa, na wanachama walikuwa wamepanga foleni ndefu wakingoja fedha za karo. Injinia aliketi mbele ya kompyuta, akaanza kukagua rauta moja baada ya nyingine. Saa ya kwanza ikapita, ikaja ya pili, na ya tatu. Alikagua kila kitu isipokuwa kile ambacho hakuna aliyemwambia. Asubuhi hiyo, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa amepanga upya nyaya katika chumba cha mitambo, na katika kupanga huko akaunganisha kwa waya wa pili swichi mbili ambazo tayari zilikuwa zimeunganishwa.

Kwa asiyefahamu, kosa kama hilo huufanya ujumbe uzunguke bila kukoma. Ni kama matatu zilizoingia kwenye mzunguko wa barabara usio na pa kutokea, huku nyingine zikizidi kuingia. Kwa muda mfupi tu, barabara nzima imefungana.

Baada ya saa nne, fundi aliyeingia chumbani kuchukua bisibisi aliona taa za swichi zote zikimetameta kwa pamoja kana kwamba zimepagawa. Akaufuata ule waya kwa mkono, akauchomoa. Mtandao uliamka papo hapo. Kijana yule alipoulizwa kama hakushuku kwamba ni kazi yake iliyoleta balaa, alijibu kwa sauti ya chini, "Nilishuku, lakini niliogopa." Jioni hiyo aliondoka na hakurudi tena. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta akiuza viatu Gikomba. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za wenzetu, lakini hakutaka kabisa kuzungumzia kompyuta. Kuuza viatu ni kazi halali na inalisha watu. Ila mimi nilijua mikono ile ilikuwa na kipawa gani, na hadi leo jambo hilo huniuma.

Dawa ya mzunguko ule imekuwapo tangu mwaka 1985, pale Mmarekani Radia Perlman alipobuni utaratibu unaoziwezesha swichi kuchagua mojawapo iwe kiongozi. Kisha swichi hizo hupashana habari, kwa kawaida kila baada ya sekunde mbili, na kufunga njia yoyote inayoweza kuleta mzunguko. Swichi za mteja wetu zilikuwa za bei nafuu na hazikuwa na utaratibu huo. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Ikiwa mashine zenyewe haziwezi kufanya kazi pamoja bila kupashana habari, sembuse sisi binadamu?

Mkubwa wa pili alikuwa kinyume cha Injinia. Alitujia na shahada ya biashara na moyo mweupe. Alijua majina ya watoto wetu, alimtembelea kila aliyelazwa hospitalini, na ijumaa alitununulia chai na mandazi kutoka mfukoni mwake. Tulimpenda, nami nampenda hata sasa. Lakini hakujua tofauti kati ya swichi na rauta, wala hakuona haja ya kuijua.

Ikatokea kwamba tingatinga la watengenezaji barabara lilikata kebo yetu ya faiba. Mteja alimpigia simu akitaka kujua mtandao utarudi lini. Kwa upole wake ule ule, mkubwa wetu akaahidi saa mbili. Msomaji, kebo ile ilikuwa na nyuzi 48. Kwanza ilibidi tutafute mahali ilipokatika, kwa kifaa kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kupima umbali ambao mwanga huo unarudishwa. Kisha tukafukua na kuleta kipande kipya. Baada ya hapo kila uzi ulihitaji kuvuliwa ganda, kusafishwa, kukatwa sawasawa na kuyeyushwa ncha kwa cheche za umeme ili ushikane na mwenzake, na kazi hiyo ilifanywa pande zote mbili za kipande kipya. Tulianza saa tano asubuhi tukamaliza saa saba za usiku. Tulipokuwa tungali matopeni, mteja alitujia pale pale shimoni akatuita waongo. Mkubwa wetu alituomba radhi kwa machozi. Tulimsamehe, lakini radhi hiyo haikupunguza hata uzi mmoja.

Wa tatu tulimwita Mzee. Alikuwa ameanza kama kibarua wa kuchimba mitaro ya kebo, akasoma jioni baada ya kazi, akafanya mitihani mmoja baada ya mwingine hadi akawa msimamizi wetu. Wakati wa masika ya mwaka 2006 tulikuwa chini ya mlingoti wa mita 40 nje ya jiji. Mawasiliano ya mteja mkubwa yalikuwa yamekatika, mvua inanyesha, na radi zinapasua mbingu. Simu ikaja kutoka ofisini kwamba vijana wapande juu mara moja wakaangalie antena. Vijana wawili walikwisha kujifunga mikanda. Mmoja wao alikuwa amepata mtoto wa kwanza wiki hiyo hiyo.

"Hakuna atakayepanda," akasema Mzee.

Hakuishia hapo. Alifungua kifaa cha kupimia, akaupima waya ulioteremka kutoka kwenye antena, akaniambia kwamba kwa vipimo vile ubovu haungeweza kuwa juu. Tukachutama pamoja kwenye maungio yaliyo karibu na kibanda cha mitambo. Alipoyafungua, maji yalichuruzika. Tulikata ncha ile, tukafunga nyingine mpya, tukaizungushia utepe wa kuzuia maji. Mawasiliano yakarudi kabla mvua haijakatika, na hakuna aliyeinua mguu kutoka ardhini. Kisha akampigia mkubwa wa ofisini, akamweleza kwa adabu jinsi alivyopima, alichokiona na alichokifanya.

Tukirejea mjini ndani ya gari, nilimuuliza kama hakuogopa kufutwa kazi kwa kukataa amri. Akanijibu, "Binti yangu, kama nisingejua kupima, ningebaki na huruma tu. Na huruma peke yake haina la kumjibu mkubwa."

Maneno hayo nimeyahifadhi. Injinia alikuwa na ujuzi, lakini kwa kuwa watu walimwogopa, hakuambiwa ukweli. Meneja wetu mpole aliambiwa kila kitu, lakini kwa kuwa hakuwa na ujuzi, hakuweza kuutetea ukweli huo mbele ya mteja. Mzee alikuwa na vyote viwili, na ndiyo sababu vijana wale wawili walirudi nyumbani kwao usiku ule wakiwa salama.

Usidhani jambo hili linahusu vikundi vidogo vya mafundi pekee. Hebu tazama historia ya intaneti hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, barua iliyotumwa kwa kompyuta kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya mtaa wa pili ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 angani, ikateremka ng'ambo, kisha ikarudi kwa njia ya namna hiyo hiyo. Gharama ilikuwa kubwa na mwendo ulikuwa wa kobe. Wataalamu walijua dawa yake. Dawa yenyewe ilikuwa kuweka kituo kimoja hapa nchini ambapo makampuni yote yangeunganisha nyaya zao na kubadilishana ujumbe bila kuupeleka ng'ambo. Vifaa vyake havikuwa vya kutisha. Swichi na nyaya za kuunganisha rauta za wanachama zingetosha kwa kuanzia.

Ugumu ulikuwa kwa watu. Makampuni hayo yalikuwa yakipokonyana wateja kila siku, na sasa yalitakiwa kukaa meza moja na kuaminiana. Kituo hicho, kiitwacho KIXP, kilianza kazi mwishoni mwa Novemba 2000. Baada ya wiki mbili hivi, Tume ya Mawasiliano ilikifunga, kufuatia malalamiko ya Telkom kwamba kilikiuka haki zake za kisheria. Ikabidi wenyewe waanze kuzunguka, kueleza, kusihi na kufafanua, hadi leseni ikapatikana na kituo kikafunguliwa tena mwezi Februari 2002. Waliofanya kazi hiyo iliwabidi wajue mambo mawili. Iliwabidi waweze kumweleza afisa wa serikali, kwa lugha ya kawaida, ujumbe unapitia wapi. Iliwabidi pia waweze kumketisha mshindani wao kitini na kumnywesha chai. Anayejua moja tu kati ya hayo asingefika popote.

Na tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa goigoi. Makampuni yalilazimika kuhamishia mawasiliano kwenye njia nyingine zilizobaki. Usiku kama huo, fundi anayejua nambari ya simu ya fundi mwenzake wa kampuni shindani, na ambaye simu yake hupokelewa kwa moyo safi, ana utajiri ambao hakuna cheti kinachoweza kumpa.

Tangu mwaka 2009 nimekuwa msimamizi wa zamu, na nimejaribu kufuata nyayo za Mzee. Kila hitilafu inapokwisha, tunaketi pamoja siku inayofuata. Swali la kwanza ni, "Ni nini kilichotokea?" Swali la "Ni nani?" huja mwisho, na mara nyingi halihitajiki tena. Anayekosea akasema mara moja haadhibiwi. Anayeficha ndiye hujieleza mbele yangu, kwani mficha maradhi kilio humfichua. Lakini kusema ukweli hakumwondolei mtu wajibu. Hakuna anayeruhusiwa kubadilisha chochote kwenye rauta kabla hajaandika anachotaka kufanya, na jinsi atakavyokirudisha kama kilivyokuwa iwapo mambo yataharibika.

Usiku mmoja msichana aliyetoka chuoni juzi tu aliandika agizo lisilo sahihi. Dakika tatu hazikupita simu yangu ikalia. "Mama, nimekata tawi la Kisumu," akasema huku sauti ikimtetemeka. Nikamwambia afungue karatasi yake ya mpango na anisomee mstari wa kurudisha. Baada ya dakika kumi, Kisumu ilikuwa hewani. Nikilinganisha dakika hizo na zile saa nne za mwaka 2004, sihitaji profesa wa uongozi anifafanulie tofauti. Leo hii msichana huyo anafundisha wenzake kazi, na nasikia naye amekataza kufokeana katika zamu yake.

Wako wanaosema kwamba siku hizi programu hupanga mitambo zenyewe, na kwamba akili unde itamaliza kazi za mafundi. Ni kweli kwamba kazi nyingi nilizofanya kwa mikono sasa hufanywa na kompyuta, na ndiyo sababu nami bado husoma kila mwaka, ingawa macho yanadai miwani. Lakini programu haitaona kwamba fundi wa zamu ya usiku hajalala kwa siku mbili kwa sababu mtoto wake anaumwa. Haitamkatalia mkubwa anayetaka watu wapande mlingoti wakati wa radi.

Kwa nyinyi wanafunzi, nasema hivi. Anzeni na ujuzi wala msiuruke. Hesabu na fizikia mzipende, mjifunze jinsi ujumbe unavyosafiri, mfungue kompyuta mbovu mzifunge tena, na mkipata njia mfanye mitihani ya kitaaluma kama CCNA. Uongozi usio na ujuzi ni maneno matupu, na vijana wa kazini hulitambua hilo siku ya kwanza. Kisha, pamoja na hayo, jifunzeni kuandika ripoti inayoeleweka. Jifunzeni kumsikiliza mtu hadi amalize. Ukiweza kumweleza nyanya yako kwa nini simu yake haishiki mtandao, bila ya kumfanya ajione mjinga, basi umeanza kuwa fundi. Wasichana nao wasitishwe na macho ya wapita njia. Huchoka kutazama, wakaenda zao.

Nanyi wazazi, msidhani kwamba mafunzo haya huanzia chuoni. Huanzia jikoni, siku gilasi inapovunjika. Iko nyumba ambayo gilasi ikivunjika kila mtoto hukimbilia chumbani, na vipande hupatikana baada ya wiki chini ya kabati, vikiwa vimekwisha kumkata mtu. Na iko nyumba ambayo mtoto husimama pale pale akaita, "Mama, nimevunja," kisha akapewa ufagio azoe vipande na kuonyeshwa jinsi ya kushika gilasi vyema. Mtoto wa nyumba hiyo ya pili, mkimpa na karo ya kusoma ufundi, mleteni kwetu. Tuna kazi naye.